Nafsi tatu maana yake nini hasa, na pale Gethsemane Yesu alikuwa anamwomba nani?

Milele amina, na marahaba pia. Pole kwa hiyo raundi, manake umepigwa kihalali kabisa.

Kwa wengine mnaosoma, swali alilotuma huyu ndugu ni hivi. Yeye ni fundi gereji, Mkristo, na anafanya kazi na mwenzake Mwislamu ambaye ni rafiki yake wa kweli, wanakula sahani moja. Siku wanasubiri spea iletwe, mwenzake akamuuliza bila ubaya wowote: nyie mnasema Mungu ni mmoja halafu mnasema nafsi tatu, sasa si wako watatu hao? Na kama Yesu ni Mungu, pale bustanini alikuwa anamwomba nani, anajiomba mwenyewe? Ndugu yetu akatoa ule mfano wa maji, barafu na mvuke aliofundishwa kipaimara. Mwenzake akafikiri kidogo akamwambia, "Haya, barafu inauombaje mvuke?" Hapo akakosa la kusema. Sasa anataka kujua nafsi ni nini hasa, na mwishoni kaongeza kwamba mtaani kwao wapo Wakristo wanaosema Roho Mtakatifu ni nguvu tu, siyo nafsi, je ni kweli?

Naanza na hiyo barafu kwa sababu mwenzako, bila kujua, kauliza swali lilelile lililoiua hiyo hoja miaka kama 400 kabla Uislamu haujaanza. Mwanzoni mwa miaka ya 200 pale Roma kulikuwa na walimu waliokuwa wanaogopa, na hofu yao ilikuwa ya haki, kwamba Wakristo wataishia kuwa na miungu wawili watatu kama wapagani, kwa hiyo wakasema Mungu ni mmoja tu anayejitokeza kwa sura tofauti, akiumba ni Baba, akikomboa ni Mwana, akitakasa ni Roho, ni yuleyule kabadilisha nguo. Jina lililobaki kwenye historia ni la Sabelio, ambaye Papa Kalisto alimtenga na Kanisa kama mwaka 220 hivi. Huo ndo mfano wa maji: kitu kimoja hali tatu, na kikiwa barafu basi muda huo si mvuke. Inasikitisha kwamba bado tunawafundisha watoto kitu ambacho Kanisa lilishakikataa zamani zile, ila ndo hivo, mfano ni mtamu na katekista ana kipindi kimoja tu na watoto wana njaa.

Aliyewajibu kwa ukali kuliko wote ni Mwafrika, Tertuliani wa Karthago, mji uliokuwa pale Tunisia ya leo. Kama mwaka 213 aliandika kitabu kumpinga mtu anaitwa Praksea na wala hakumwonea huruma, alisema Praksea kamfanyia shetani kazi mbili pale Roma, kamfukuza Roho na kamsulubisha Baba. Hiyo ya pili ndo pointi yenyewe: kama Baba na Mwana ni yuleyule basi aliyetundikwa msalabani ni Baba, na aliyelia "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" alikuwa anaigiza tu.

Angalia alivyofanya, manake hapa ndo neno nafsi linapoingia. Alichukua Maandiko akawa anauliza: hapa nani anasema, anamwambia nani, na anamsema nani. Zaburi ya 110 inaanza "Neno la BWANA kwa Bwana wangu, Uketi mkono wangu wa kuume". Haya, nani anasema uketi? BWANA. Anamwambia nani? Huyo "Bwana wangu". Na nani anayetusimulia sisi habari hiyo? Roho, kwa kinywa cha Daudi. Mstari mmoja, wanaopokezana humo ni watatu, na hakuna anayeweza kukaa nafasi ya mwenzake bila mstari kuharibika. Au nenda ubatizo wa Yordani, Marko 1:11, sauti inasema "Wewe ndiwe Mwanangu, mpendwa wangu, nimependezwa nawe". Ukisema wewe lazima awepo wa kuambiwa wewe. Neno lenyewe kwa Kilatini ni persona, lilitumika kwenye maigizo kwa mhusika wa mchezo, na wanasarufi walikuwa wanalitumia kwa kitu kilekile ulichosoma shuleni, nafsi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwa hiyo ukitaka pa kuanzia anzia hapo, nafsi ni yule anayesema mimi na anayeambiwa wewe. Mwenzako aliligusa hilo palepale na spana mkononi.

Ila ukiishia hapo umekwisha, manake swali lake la kwanza linarudi na nguvu zote: watatu wanaosemeshana si watatu? Mimi, wewe na huyo rafiki yako tukikaa gerejini tukaongea, tuko watatu, hakuna mtu atakayetuhesabu mmoja.

Karne iliyofuata ilikuwa ya vurugu kwa sababu hiyo. Wagiriki walikuwa na neno prosopon, uso, ila lilikuwa linatia wasiwasi kwa kuwa ni neno la kinyago pia, na Sabelio angelipenda sana. Wengine wakapendelea hipostasi, kitu kinachosimama chenyewe kweli, siyo kivuli, na ndo neno lililopo kwenye Waebrania 1:3 pale Biblia yetu inaposema Mwana ni "chapa ya nafsi yake". Shida ni kwamba mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Nisea mwaka 325 ulitumia hipostasi na asili, yaani kile ambacho kitu ni, kama kitu kimoja, kwa hiyo wewe ukisema hipostasi tatu mwenzako anasikia miungu watatu, na yeye akisema hipostasi moja wewe unasikia Sabelio, na watu walitengana kabisa kwa hilo, hawashiriki meza moja. Mwaka 362 Atanasi, askofu wa Aleksandria, ametoka uhamishoni juzijuzi tu, akakaa na maaskofu wenzake wakafanya kitu ambacho natamani tungekuwa tunakifanya mara nyingi zaidi. Waliwauliza wa upande huu, mnaposema tatu mnamaanisha miungu watatu? Wakasema hapana hata kidogo. Wakawauliza wa upande ule, mnaposema moja mnamaanisha Mwana na Roho hawapo kweli, ni majina tu? Hapana. Basi, ikaonekana wanaamini kitu kimoja kwa misamiati miwili, na wakaambiwa waache kushutumiana.

Sasa hapo ndo wanaingia Wakapadokia, watu wa Uturuki ya leo, Basili, mdogo wake Gregori wa Nisa, na rafiki yao Gregori wa Nazianzo. Na cheki hii, kuna mtu aitwaye Ablabio alimuuliza Gregori wa Nisa swali la rafiki yako karibu lote: Petro, Yakobo na Yohane wana ubinadamu mmoja na bado tunawaita watu watatu, sasa kwa nini Baba, Mwana na Roho wenye umungu mmoja tusiwaite miungu watatu? Gregori kajibu kwa marefu na sehemu ya jibu lake mi binafsi hainishawishi, anadai kwamba hata kusema "watu watatu" ni mazoea mabaya ya lugha kwa kuwa ubinadamu ni mmoja, hapo naona alikuwa anachomoka tu. Lakini sehemu inayofuata ndo ina nyama. Wakulima wengi au washona viatu wengi wanafanya kazi ya aina moja ila kila mmoja na jembe lake, kona yake, huyu akilala yule anaendelea, ndo maana wanahesabika wengi. Kwa Mungu hakuna kazi ambayo Baba anaifanya kivyake halafu Mwana akawa na ya kwake pembeni. Kila tendo linaanza kwa Baba, linapita kwa Mwana, linakamilika kwa Roho, na ni tendo moja. Uzima unaopewa ni mmoja, hupewi uzima mara tatu.

Huyo Gregori mwingine, wa Nazianzo, mwaka 380 alikuwa Konstantinopoli anahubiri kwenye mji ambao makanisa makubwa yote yalikuwa mikononi mwa waliokataa umungu wa Mwana. Kulikuwa na kundi la Eunomio, watu wa mantiki kali, wakamtega hivi: hilo jina "Baba" ni jina la asili au ni jina la tendo? Ukisema la asili, basi Mwana kwa kuwa si Baba hana asili hiyo, kwa hiyo si Mungu. Ukisema la tendo, basi Mwana ni kitu kilichotendwa, ni kiumbe. Mtego mzuri kweli. Akawaambia mmesahau la tatu: Baba si jina la asili wala si jina la tendo, ni jina la uhusiano, linasema Baba yukoje kwa Mwana na Mwana yukoje kwa Baba.

Naomba usipite haraka hapa, kwa sababu kama kuna kitu kimoja nataka ubaki nacho ni hiki. Kinachotofautisha nafsi kwa Mungu siyo akili, siyo nguvu, siyo umri, siyo utashi, wala siyo idara, kwamba huyu anashughulika na uumbaji na yule na wokovu. Vyote hivyo ni vya pamoja, na siyo kwamba wamegawana, la, ni kilekile kimoja. Tofauti ni moja tu: nani anatoka kwa nani. Baba hatoki kwa yeyote, Mwana anazaliwa na Baba, Roho anatoka kwa Baba na (sisi Wakatoliki tunaongeza, Waorthodoksi wanatukatalia mpaka leo) kwa Mwana. Ukitafuta tofauti nyingine yoyote utatoka na miungu watatu, na ukiifuta hiyo moja unarudi kwa Sabelio. Mtaguso wa Firenze mwaka 1442 uliliweka kwa sentensi moja, kwamba kwa Mungu vyote ni kimoja isipokuwa pale ambapo pande mbili za uhusiano zinakabiliana. Mzazi si mzaliwa. Basi.

Najua unawaza nini, uhusiano? Uhusiano ni kitu chepesi, mimi na wewe tuna uhusiano lakini kila mmoja yupo kivyake. Kwa binadamu ni kweli. Mzee wako kabla hajawa baba yako alikuwa kijana fulani anacheza mpira, ubaba ulimkuta njiani, na hata akifiwa na watoto wote, Mungu apishie mbali, atabaki yuleyule. Kwa Mungu hakuna kijana fulani aliyekuwepo kwanza halafu baadaye akawa Baba. Hapo ndo Ario, padre wa Aleksandria, alipoteleza, akafundisha kwamba kulikuwa na kipindi Mwana hakuwepo, na Atanasi akamrudishia kwamba kama Mwana hakuwepo basi na Baba hakuwa Baba, akawa Baba baadaye, kwa hiyo Mungu kaongezeka kitu. Tomaso wa Akwino kwenye miaka ya 1260 akalifikisha mwisho: nafsi kwa Mungu ni uhusiano wenyewe ukiwa umesimama kama kitu halisi. Siyo kwamba yupo Baba halafu ana uhusiano na Mwana, huko kumzaa Mwana ndo kuwa Baba, hakuna kitu kingine nyuma yake. Nikifika hapo darasani naona macho ya wanafunzi yanapotea na siwalaumu, manake hakuna mfano wake duniani, kila tunachokijua kinakuwepo kwanza ndo kinahusiana. Na Augustino, Mwafrika mwingine tena wa Hipo kule Algeria ya leo, alishakiri mapema kwamba ukiuliza "watatu nini?" lugha ya binadamu inaonekana umaskini wake, tunasema nafsi tatu siyo kwa sababu neno linatosha ila ili tusikae kimya kabisa.

Augustino huyohuyo ana neno lingine linalomfaa rafiki yako kwenye ile hesabu. Kwa vitu, viwili ni zaidi ya kimoja. Kwa Mungu, Baba na Mwana pamoja si zaidi ya Baba peke yake, kwa sababu Baba hana sehemu ya umungu, anao wote, na Mwana anao huohuo wote. Ndo maana kujumlisha moja na moja na moja hakufiki popote, hakuna vipande vya kujumlisha. Rafiki yako akikusomea Suratul Maida, aya ya 73 inayowalaumu wanaosema Mwenyezi Mungu ni wa tatu wa watatu, au ile ya 116 ambapo Isa anaulizwa kama aliwaambia watu wamfanye yeye na mama yake miungu wawili, mwambie kwa heshima kwamba na sisi hatusemi hivyo, anayesema hivyo Kanisa linamwita mzushi vilevile. Hamtakubaliana kuhusu Mwana, usijidanganye, tofauti ipo na ni kubwa, ila angalau mtatofautiana kwenye kitu mnachoamini kweli na siyo kwenye kitu ambacho hakuna anayekiamini.

Haya, twende bustanini. Mathayo 26:39: "Baba yangu, ikiwezekana, kikombe hiki kiniepuke; walakini si kama nitakavyo mimi, bali kama utakavyo wewe." Huu mstari ndo uliofanya karne ya saba iwe ya moto, na aliyeulipia ni mmonaki anaitwa Maksimo.

Ilikuwa hivi. Dola ya Konstantinopoli ilikuwa imechoka, Waajemi wamepiga, Waarabu wanakuja, na Wakristo wenyewe wamegawanyika kuhusu Kristo tangu mtaguso wa Kalsedonia mwaka 451 uliosema Kristo ni nafsi moja yenye asili mbili, ya Kimungu na ya kibinadamu. Mfalme Heraklio akataka kauli ya kuwapatanisha, na mwaka 638 ikatoka hati kwamba Kristo ana utashi mmoja tu. Inaonekana kitu kidogo. Maksimo, ambaye wakati huo alikuwa anaishi huku Afrika ya kaskazini, akakataa, na Julai mwaka 645 wakakaa mdahalo pale Karthago mbele ya gavana, yeye na Piro aliyekuwa zamani patriaki (askofu mkuu) wa Konstantinopoli. Piro akasema utashi unafuata nafsi, anayetaka ni mtu, Kristo ni nafsi moja kwa hiyo ana utashi mmoja. Ukisikiliza haraka unakubali, hata mimi ningekubali. Maksimo akamjibu: sawa, kama utashi unafuata nafsi, basi kwenye Utatu kuna nafsi tatu kwa hiyo utashi ni tatu, na hao ni miungu watatu, au kama utashi ni mmoja basi nafsi ni moja, Sabelio karudi. Chagua. Piro hakuwa na pa kutokea. Utashi hauko upande wa nafsi, uko upande wa asili. Mungu ana asili moja, kwa hiyo utashi mmoja, na ni huohuo wa Baba, wa Mwana na wa Roho. Kristo ana asili mbili, kwa hiyo ana utashi wa Kimungu anaoshiriki na Baba, na ana utashi wa kibinadamu kama wako na wangu.

Sasa rudi kwenye mstari. Nafsi inajibu swali la nani, asili inajibu swali la nini. Nani anaomba? Mwana, nafsi ya pili, hakuna mtu mwingine pale. Anamwomba nani? Baba, ambaye si yeye, kwa hiyo hajiombi. Anaomba kwa kutumia nini? Kwa ubinadamu wake, moyo unaodunda na mwili unaotaka kuishi kama wa kiumbe chochote chenye damu. Hiyo "nitakavyo mimi" na "utakavyo wewe" siyo Mungu anabishana na Mungu, ni utashi wa binadamu mbele ya utashi wa Mungu, na huo wa Mungu ni wa Mwana pia. Na kuna kitu Maksimo alikiona ambacho wengi wanakipita: wengi wanadhani kinachosema "kiniepuke" ni ubinadamu na kinachosema "kama utakavyo wewe" ni umungu, umungu unaukandamiza ubinadamu. Yeye akasema hapana, vyote viwili vinatoka kwenye utashi uleule wa kibinadamu. Anayeogopa kifo ndo huyohuyo anayekubali. Kama ni umungu tu uliokubali, basi hakuna binadamu aliyemtii Mungu usiku ule, na wokovu wetu sijui uko wapi.

Utauliza tena, kwa nini aombe Mwana na si Baba ndo ajifanye mtu aombe? Hapa nafsi kama uhusiano inaonyesha faida yake. Mwana milele yote ni yule anayepokea, umungu wenyewe anao kwa kuupokea kwa Baba, "ulinipenda kabla ya kuwekwa msingi wa ulimwengu", anasema kwenye Yohane 17:24. Huko kupokea kukiingia kwenye maisha ya mtu wa Nazareti anayechoka na kulala kwenye mashua, kunakuwa kuomba. Yesu haigizi maombi ili kutupa mfano kama tunavyosikia kwenye mahubiri mengine, anaomba kwa sababu ndivyo Mwana alivyo.

Maksimo alikamatwa, akashtakiwa, na mwaka 662 alikatwa ulimi na mkono wa kulia asiseme wala asiandike, akapelekwa uhamishoni maeneo ya Georgia ya leo na akafa mwaka huohuo. Mtaguso wa mwaka 680 hadi 681 ukafundisha kilekile alichokatiwa ulimi.

Sasa kwa nini leo tukisikia nafsi tunasikia watu watatu? Lawama kidogo ziende kwa John Locke, Mwingereza, ambaye mwaka 1694 kwenye toleo la pili la kitabu chake kuhusu akili ya binadamu alieleza mtu kuwa ni kiumbe anayefikiri na anayejijua kuwa ni yeye yule wa jana. Yaani kuwa mtu ni kuwa na fahamu yako. Hapo mambo yakageuka, manake ukichukua maana hiyo ukasema Mungu ana nafsi tatu, umesema kuna fahamu tatu, vichwa vitatu. Mwanateolojia Karl Barth mwaka 1932 akaona neno limeharibika akapendekeza tuseme "namna za kuwa", na mwanateolojia mwingine, Karl Rahner, mwaka 1967 akaja na kitu cha aina hiyohiyo. Nawaelewa kabisa ila siwafuati. Hakuna mtu anayepiga magoti kuiomba "namna ya kuwa", na "wewe ndiwe Mwanangu" haisemwi kwa namna ya kuwa. Upande mwingine wanateolojia akina Jürgen Moltmann kuanzia 1980 wakaikumbatia hiyo ya jamii ya watatu wanaopendana, na hapa kwetu inapendwa sana kwa sababu inakaa vizuri na "mtu ni watu", nimesikia hadi ikihubiriwa kwamba Utatu ni kama familia au kikao cha ukoo. Inagusa, lakini mi naiogopa, kikao kina watu ambao wangeweza kutofautiana wakapiga kura, kwa Mungu hicho hakipo. Upendo upo, tena wa kweli, anayependa si anayependwa, ila utashi wanaopendana nao ni mmoja, Baba anao kwa kuutoa na Mwana anao kwa kuupokea. Libakize neno nafsi, ila kila ukilisema kumbuka kulivua hiyo nguo ya Locke.

Mwisho hilo la Roho. Kwamba ni nguvu tu, siyo nafsi, hapana. Matendo 13:2, wakiwa Antiokia wanafunga na kuomba, "Roho Mtakatifu akasema, Nitengeeni Barnaba na Sauli kwa kazi ile niliyowaitia." Nguvu haisemi niliyowaitia. Na Paulo kwa Waefeso 4:30 anakataza kumhuzunisha Roho, umeme unaweza kuuzima ila huwezi kuuhuzunisha. Niwatendee haki wanaochanganyikiwa, Maandiko yanasema pia Roho kamwagwa, ni upepo, ni moto, kwa hiyo siyo kwamba wamelitoa hewani. Hata Basili alipoandika kitabu kizima kuhusu Roho mwaka 375 alikwepa kumwita "Mungu" waziwazi, akazunguka kwa kusema anapewa heshima ileile, na Gregori wa Nazianzo alikuwa hana subira na uangalifu huo, yeye aliuliza tu, Roho ni Mungu? akajibu, bila shaka. Mtaguso wa Konstantinopoli mwaka 381 ukafuata njia ya Basili, ndo maana kwenye Nasadiki husemi "Roho ni Mungu", unasema "anayeabudiwa na kutukuzwa pamoja na Baba na Mwana", inafika palepale.

Rafiki yako akiwa mkali, na naona ni mkali, atakuuliza sasa kuzaliwa na kutoka vina tofauti gani, kama wote wawili wanatoka kwa Baba kwa nini Roho asiwe mwana wa pili? Gregori wa Nazianzo aliulizwa hilohilo akajibu: we niambie kwanza Baba kutozaliwa maana yake nini, na mi nitakueleza Mwana anazaliwaje na Roho anatokaje, halafu tutapata wazimu wote wawili kwa kuchungulia siri ya Mungu. Tunachokijua ni kwamba Maandiko yanamwita mmoja Mwana pekee na huyu mwingine hayamwiti mwana hata mara moja. Zaidi ya hapo sina, na wala usijaribu kumtafutia mfano wa jikoni.